Upenyaji au mtawanyiko: kipimo kipi cha nyutroni kinaifaa sampuli yako?

Nyutroni inapofika kwenye sampuli ina njia tatu tu: kupita moja kwa moja, kugonga kiini cha atomi na kugeuzwa upande, au kumezwa na kiini hicho isitoke tena. Ukiweka kigunduzi nyuma ya sampuli na kuhesabu zilizopita, umefanya kipimo cha upenyaji. Ukipanga vigunduzi pembeni na kuhesabu zilizogeuzwa, ukajua zimegeuka kwa pembe gani na zimetoka na nishati kiasi gani, umefanya kipimo cha mtawanyiko. Fomu ya kuomba muda kwenye maabara kubwa itakutaka utaje chombo kimoja, na hapo ndipo wengi hukwama.

Makala haya ni ya yule anayekaribia kujaza fomu hiyo: mwanafunzi wa uzamili, mhandisi wa metali, mkemia mwenye polima yake kwenye chupa. Niseme mapema ninakoegemea. Mtawanyiko ndio wenye jina. Bertram Brockhouse wa Canada na Clifford Shull wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1994 kwa kuuanzisha, na tangu hapo kila anayesikia habari za nyutroni hufikiria mtawanyiko kwanza. Mimi nashauri uanze na upenyaji. Maswali mengi huishia hapo, na hata mwenye kuhitaji mtawanyiko kwelikweli hawezi kuisoma data yake kama hajui sampuli inapitisha nyutroni kiasi gani.

Ngapi, na wapi

Upenyaji unauliza "ngapi zimebaki?" Unahesabu nyutroni sampuli ikiwa haipo, unaiweka, unahesabu tena, unagawanya. Uwiano huo peke yake ndio jibu. Udhaifu wa kigunduzi unajifuta wenyewe, kwa kuwa umo katika hesabu zote mbili, wala huhitaji kujua mwali ulikuwa na nyutroni ngapi kwa sekunde. Kila milimita unayoongeza hukata sehemu ileile ya zilizobaki. Kwa hiyo ukijua unene na idadi ya atomi kwa sentimita ya ujazo, unapata moja kwa moja jumla ya uwezekano wa kiini kimoja kuizuia nyutroni. Uwezekano huo hupimwa kama eneo, na kizio chake ni bani, yaani sentimita ya mraba iliyogawanywa kwa kumi, mara 24. Katika vipimo vyote vya nyutroni, sijui kilicho safi kuliko hiki.

Dosari yake ni kwamba hakisemi nyutroni zilizopotea zilikwenda wapi. Iliyomezwa na iliyogeuzwa zinahesabiwa pamoja. Tena iliyogeuzwa kwa pembe ndogo sana inaweza kukigonga kigunduzi bado, ikahesabiwa kuwa imepita. Ndiyo maana kigunduzi huwekwa mbali na sampuli na mwali hubanwa uwe mwembamba.

Mtawanyiko unauliza "wapi, na kwa nishati gani?" Jibu lake ni tajiri zaidi: mpangilio wa atomi, ukubwa wa chembe, mitetemo, mwelekeo wa usumaku. Gharama yake ni masahihisho. Utaondoa mtawanyiko wa kopo linaloishika sampuli, utaondoa nyutroni zilizogeuka mara mbili au tatu ndani ya sampuli, utalinganisha vigunduzi kwa kipande cha vanadi, ambayo hutawanya karibu sawasawa pande zote. Na katika masahihisho hayo, namba ya kwanza inayotakiwa ni upenyaji.

Jedwali la kuangalia kabla ya lolote

Eksirei hugongana na elektroni, kwa hiyo atomi nzito huonekana na nyepesi hufichika. Nyutroni haina chaji, hupita katikati ya elektroni na kushughulika na kiini. Hapo utaratibu wa uzito huvunjika kabisa. Namba hizi ni za bani kwa atomi moja, na zile za kumezwa ni kwa nyutroni ya mwendo wa mita 2,200 kwa sekunde. Kwa elementi nyingi, nyutroni ikipunguza mwendo, kumezwa kunaongezeka.

| Elementi | Kutawanya | Kumeza |
|---|---|---|
| Hidrojeni | 82.0 | 0.33 |
| Deuteri (hidrojeni nzito) | 7.6 | 0.0005 |
| Alumini | 1.5 | 0.23 |
| Titani | 4.4 | 6.1 |
| Vanadi | 5.1 | 5.1 |
| Chuma | 11.6 | 2.6 |
| Risasi | 11.1 | 0.17 |
| Kadimi | 6.5 | 2,520 |
| Gadolini | 180 | 49,700 |

Soma safu ya risasi mara mbili. Bamba la risasi la milimita 1 huzuia zaidi ya asilimia 99 ya eksirei za kiloelektronivolti 100, lakini sentimita 1 nzima ya metali hiyohiyo hupitisha takribani theluthi mbili ya nyutroni. Kadimi nayo: milimita 1 haipitishi hata nyutroni moja kati ya 100,000 za mwendo huo. Alumini ya sentimita 10 hupitisha karibu theluthi moja, na ndiyo sababu makopo, majiko na majokofu ya maabara za nyutroni hutengenezwa kwa alumini. Halafu maji ya kawaida: milimita 1 tu hupunguza mwali kwa theluthi moja au zaidi.

Hidrojeni, basi, ndiyo inayoamua mambo. Kabla ya kuuliza chombo kipi ni bora, uliza sampuli yako ina hidrojeni kiasi gani. Plastiki, mbao, saruji mbichi, tishu, mafuta: vyote ni hidrojeni. Kwa anayepiga picha kwa upenyaji hiyo ni neema, kwa sababu maji machache ndani ya chuma yanaonekana wazi. Kwa anayetafuta mpangilio wa fuwele ni adha, kwa sababu karibu bani 80 kati ya zile 82 ni za mtawanyiko usio na mpangilio, unaomwagika pande zote kama ukungu na kufunika vilele vya mchoro unavyovitafuta. Mkemia hapo hulazimika kubadilisha hidrojeni kuwa deuteri, kazi inayokula miezi na fedha.

Unene: sampuli moja haifai kote

Kosa la kawaida ni kutengeneza kipande kimoja na kukipeleka kwenye vyombo vyote. Kipimo cha upenyaji kinapenda sampuli nene. Ikipitisha asilimia 95, unatafuta tofauti ndogo kati ya hesabu mbili kubwa, na kosa la takwimu linaimeza tofauti hiyo. Panga ipitishe kati ya theluthi na sehemu moja ya kumi. Kwa chuma, hiyo ni takribani sentimita 1 hadi 2: bamba la sentimita 1 hupitisha karibu asilimia 30.

Mtawanyiko unataka kinyume chake. Sheria ya mkono wanayoifuata watu wa fani ni kwamba sampuli itawanye karibu asilimia 10 tu ya mwali. Ukizidi hapo, nyutroni iliyogeuka mara moja inageuka tena kabla ya kutoka, na pembe unayoiona siyo pembe ya mgongano mmoja. Kwa mtawanyiko wa pembe ndogo, vyungu vya kwatzi vya kawaida vina unene wa milimita 1 kwa mchanganyiko wa maji ya kawaida na milimita 2 kwa maji mazito, yaani maji yenye deuteri badala ya hidrojeni ya kawaida.

Chuma kilichochomelewa: hapa vyote viwili vinafaa

Mfano unaoonyesha tofauti vizuri ni mkazo uliobaki ndani ya kiungo cha kuchomelea, kwenye reli au bomba. Mkazo huo huvuta au hubana safu za atomi kwa kiasi kidogo sana, cha sehemu moja kati ya elfu kadhaa, na ndio unaoweza kuanzisha ufa. Eksirei za maabara ya kawaida huona uso tu. Nyutroni huingia sentimita kadhaa.

Ukichagua mtawanyiko, unabana mwali unaoingia na mwali unaotoka kwa mianya miwili myembamba, ikutane ndani ya chuma kwenye kijisehemu cha milimita chache za ujazo. Unapima kilele cha mtawanyiko kimesogea kiasi gani, unasogeza kipande, unapima tena. Ukikigeuza kipande unapata mkazo wa mwelekeo mwingine, na mielekeo mitatu ikikamilika unaweza kukokotoa mkazo kamili wa nukta hiyo. Vyombo vya ENGIN-X, kwenye chanzo cha nyutroni cha ISIS huko Uingereza, na SALSA, kwenye kinu cha Grenoble, Ufaransa, vilijengwa kwa kazi hii. Tatizo ni muda: nukta baada ya nukta, saa zinakwenda, na nukta zikiwa za kina zaidi kila moja inahitaji kusubiri zaidi.

Ukichagua upenyaji, unatumia jambo jingine la fuwele. Chuma cha kawaida kina safu za atomi zilizoachana kwa angstromu 2.03 (angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita). Nyutroni yenye urefu wa wimbi chini ya mara mbili ya nafasi hiyo, yaani angstromu 4.05, inaweza kugeuzwa na safu hizo. Ikivuka hapo tu, safu hizo haziwezi tena kuigeuza, nayo hupita. Kwenye mchoro wa upenyaji panatokea ngazi ya ghafla. Safu zikivutwa au kubanwa na mkazo, ngazi inasogea. Kwa kuwa kigunduzi chenye vijisanduku vingi huona eneo lote kwa mara moja, unapata ramani ya kipande kizima kwa kipindi kimoja. IMAT, pia ya ISIS, imetengenezwa kwa upigaji picha wa aina hii.

Basi kwa nini kila mtu asichague ramani? Kwa sababu kila nukta ya ramani ni wastani wa njia nzima aliyopita nyutroni. Kama mkazo ni wa kuvuta upande wa nje na wa kubana upande wa ndani, wastani unaweza kuwa sifuri, na ramani yako ikakuambia chuma kiko salama. Tena unaona mwelekeo mmoja tu, ule wa mwali wenyewe. Bamba jembamba lenye mkazo usiobadilika kwenye unene wake, nenda na upenyaji bila kusita. Bomba nene, reli, au kiungo cha pembe tatu, gharamia mtawanyiko. Na kama huijui hali yake, piga ramani kwanza ujue nukta chache zinazostahili muda wa gharama.

Palipo na mshindi mmoja

Maji yanayotembea ndani ya kitu kilichofungwa, kama seli ya mafuta ya hidrojeni, mzizi ndani ya udongo au saruji inayokauka, ni kazi ya upenyaji. Picha hutoka kwa usahihi wa makumi ya mikromita, na huhitaji kukifungua kitu.

Namba za uwezekano wa nyutroni kuzuiwa kwa kila nishati, ambazo wasanifu wa vinu vya nyuklia na ngao za mionzi huzitegemea, nazo msingi wake ni upenyaji. GELINA huko Geel, Ubelgiji, na n_TOF ya CERN ni vituo vya kazi hiyo. Njia ndefu zaidi ya kukimbizia nyutroni kwenye n_TOF ina urefu wa mita 185. Kwenye nishati fulani kiini humeza nyutroni kwa pupa isiyo ya kawaida. Urani-238 hufanya hivyo karibu na elektronivolti 6.67. Kwenye mchoro wa upenyaji hapo hutokea shimo, nalo linaitambulisha isotopu ndani ya kitu bila kukikata.

Chembe za nanomita 1 hadi 100 ndani ya kimiminika ni mtawanyiko wa pembe ndogo, na sioni ubishi. Hapa deuteri inakuwa silaha. Hidrojeni hutawanya mawimbi ya nyutroni kwa alama hasi na deuteri kwa alama chanya, hivyo ukichanganya maji ya kawaida na maji mazito unaweza kufanya kiyeyusho kilingane na sehemu moja ya sampuli, sehemu hiyo ikapotea machoni na nyingine ikabaki. Protini hupotea maji mazito yakifika karibu asilimia 40, asidi ya DNA karibu asilimia 65. Eksirei haziwezi mchezo huu, kwa sababu kwao deuteri na hidrojeni ni kitu kimoja.

Mwendo wa atomi pia ni wa mtawanyiko pekee. Nyutroni yenye urefu wa wimbi wa angstromu 1.8 ina nishati ya elektronivolti 0.025, inayolingana na mitetemo ya atomi. Ikipoteza au kuongeza kidogo, inaonekana mara moja. Eksirei ya urefu huohuo ina karibu elektronivolti 6,900, na mabadiliko hayo kwake ni kama hayapo. Lakini jiandae. Kwenye chombo cha mihimili mitatu alichokibuni Brockhouse huko Chalk River, Canada, sampuli hupimwa kwa gramu, tena mara nyingi fuwele moja kubwa. Kama ulichonacho ni unga wa miligramu 50, usiombe.

Usumaku wa ndani ya fuwele: mtawanyiko, kwa sababu nyutroni yenyewe ni sumaku ndogo. Betri za lithiamu: inategemea. Lithiamu nyepesi huonekana vizuri kando ya metali nzito, na mtawanyiko hukuonyesha ilipokaa kwenye fuwele. Ukitaka tu kujua imesambaaje ndani ya betri nzima, upenyaji unatosha, kwa kuwa lithiamu-6 humeza nyutroni sana. Anayetaka mtawanyiko hutengeneza sampuli kwa lithiamu-7.

Kinu au mpigo

Ukishachagua kipimo, chanzo nacho kina lake la kusema. Kinu cha Taasisi ya Laue-Langevin, Grenoble, Ufaransa, chenye megawati 58, kilichoanza 1971, hutoa nyutroni kwa mtiririko usiokatika, bila mipigo. Ili upate urefu mmoja wa wimbi unauchagua kwa fuwele na kuutupa uliobaki. ISIS, iliyotoa nyutroni za kwanza mwaka 1984, na SNS ya Oak Ridge, Marekani, iliyoanza 2006, hugongesha protoni kwenye metali nzito kwa mipigo: tungsteni kwa ISIS, zebaki kwa SNS. Nyutroni za kila urefu wa wimbi huondoka pamoja, na zinajipanga zenyewe kwa muda wa kufika. Ya angstromu 4 huenda karibu mita 990 kwa sekunde. Kwenye njia ya mita 10 inafika baada ya milisekunde 10.

Kwa hiyo ngazi za chuma nilizozitaja, na mashimo ya isotopu, hutaka mpigo: unahitaji mawimbi yote kwa pamoja. Kipimo kinachotaka wimbi moja na uvumilivu, au picha za kawaida zisizotenganisha mawimbi, hustawi kwenye kinu. ESS, chanzo cha Ulaya kinachojengwa Lund, Uswidi, yenye mipigo mirefu ya milisekunde 2.86 mara 14 kwa sekunde, imekusudiwa kukaa katikati. Ushindani wa muda ni mkali: mwaka 2019 peke yake vilifungwa kabisa vinu vya utafiti vya Berlin na Orphée huko Saclay, Ufaransa, pamoja na JEEP II cha Norwei.

Kwa aliye upande wetu wa Afrika, jirani wa karibu ni SAFARI-1 huko Pelindaba, Afrika Kusini, kinu cha megawati 20 kilichoanza 1965. Chombo chake cha mkazo, MPISI, na cha unga wa fuwele, PITSI, ni vya mtawanyiko. Kongo ndiyo iliyotangulia bara zima, na kinu cha TRICO I mjini Kinshasa mwaka 1959, lakini kinu chake cha pili kimekuwa kimezimwa tangu miaka ya 2000. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazina kinu cha utafiti kinachofanya kazi.

Hata hivyo, nyutroni zipo nchini. Kile kisanduku ambacho wahandisi wa barabara hukiweka juu ya tabaka la udongo lililoshindiliwa ili kujua unyevu wake huwa na chanzo cha amerisi na berili. Nyutroni za kasi huingia kwenye udongo, hugongana na hidrojeni ya maji, hupunguza mwendo, na zile za polepole zinazorudi ndizo huhesabiwa. Huo ni mtawanyiko. Chanzo cha aina hiyo hutoa nyutroni makumi ya maelfu tu kwa sekunde, zikiruka pande zote, na hakitakupa fuwele hata ukingoje mwaka. Ila kwa bamba la nta, bamba la plastiki yenye boroni na kigunduzi kimoja, idara ya fizikia yenye kibali cha mamlaka ya mionzi inaweza kufundisha upenyaji wote kwa alasiri moja.

Kabla ya kutuma fomu

Muda wa mwali kwa utafiti utakaochapishwa kwa kawaida hautozwi fedha. Hushindaniwa, na jopo hupima maombi. Jopo hutazama haraka mambo mawili. Kwanza, kama eksirei zingetosha, utaambiwa ukazitumie, na watakuwa wamesema kweli. Pili, kama hukukokotoa upenyaji wa sampuli yako. Hesabu hiyo ni ya nusu ukurasa: fomula ya kemikali, msongamano, unene na namba za jedwali.

Halafu tazama kama sampuli ina kobalti. Kiini cha kobalti-59 humeza nyutroni kwa bani 37 na kugeuka kobalti-60, yenye nusu-uhai ya miaka 5.27. Upenyaji huhitaji dakika au saa chache, mtawanyiko unaweza kuhitaji siku kadhaa, na kila saa inaongeza mionzi inayobaki ndani ya kipande. Kama ni sampuli pekee uliyonayo na unaihitaji nyumbani kwa vipimo vingine, tengeneza ya pili kabla ya kusafiri, kwa sababu ile ya kwanza huenda ikabaki kwenye stoo yao ya vitu vyenye mionzi muda mrefu kuliko shahada yako.